Shikamoo Isiyotoka

Mimi ni mtu wa nyumbani. Ukinialika harusini, sababu ya kutokuja ninayo kabla hujamaliza kunialika. Ndiyo maana shirika la umma nililokuwa nikilipigia taipu lilipouzwa, nasi tukapunguzwa, sikuhangaika kuuza mitumba kama wenzangu. Nilirudi chumbani kwangu, Dodoma mjini, nikawa napika uji na kuunywa mwenyewe, cheti cha kidato cha nne kikinitazama kutoka ukutani.

Kazi iliyonitoa humo ilikuwa ya kuingia nyumba za watu. Kituo kidogo cha watoto wenye ulemavu kilitaka mpiga taipu, nikaenda. Taipu ikaharibika, wakaona wasinipoteze bure, wakanituma kuwatembelea wazazi. Neno usonji lilikuwa bado halijatufikia. Tulisema "watoto wa kimya", hata wale waliopiga kelele kutwa. Mafunzo yalikuwa mafupi: mwonyeshe mtoto jambo moja, akilifanya mpe kitu anachokipenda. Nikatoka hapo najiona mtaalamu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Mkonze. Mama wa pale alikuwa rika langu, mumewe dereva wa lori asiyeonekana mara nyingi, na binti yao wa miaka sita hakusema neno. Majirani walikuwa wameacha kupita. Angekuwa kiziwi wangemhurumia, lakini mtoto anayempita mkubwa bila shikamoo hajalelewa, na mlezi ni mama.

Kwa hiyo mama yule hakutaka mengi kwangu. Mama mkwe wake angekuja kutoka Kongwa baada ya mavuno, na alikwishatuma ujumbe kwamba akimkuta mjukuu bado hana adabu, ataondoka naye akamlee mwenyewe.

"Dada, shikamoo moja tu," aliniambia. "Mengine nitayabeba."

Tukaanza. Kila nilipofika, mama alipiga goti akaniamkia, nami nikaitikia marahaba kama ajuza, nikampa karanga ili mtoto aone. Watu wazima wawili wa rika moja tukaamkiana na kulishana karanga, mtoto mwenyewe akiwa ameinamia ungo wa uwele, anauinua upande mmoja na kusikiliza punje zikiteleza. Mwishowe siku moja aliinua kichwa. Mama alisema shikamoo, mtoto akaja, akanyoosha kiganja. Hakutamka kitu, lakini alikuja. Nilirudi mjini kwa miguu nikiwa na habari kubwa, na sikuwa na wa kumwambia. Niliiambia sufuria.

Mavuno yalipokwisha, bibi wa Kongwa aliingia mchana mmoja nikiwapo, khanga imejaa vumbi la safari. Mama akapiga goti, akasema shikamoo. Mtoto akaacha ungo, akaenda moja kwa moja mbele ya bibi yake, akanyoosha kiganja.

Bibi alikitazama kile kiganja, kisha akatutazama sisi. "Hata salamu mmemfundisha kuomba?"

Nikaanza kumweleza utaratibu wa kituo. Aliniuliza nina watoto wangapi. Nikasema sina, wala mume.

"Ahaa. Ndiyo maana una nafasi ya kula karanga za mwenzako."

Wakati mwingine ningecheka, maana alinipata. Lakini mama alikuwa bado chini, hainuki.

"Mama, nimemfundisha," alisema. "Mchana namfundisha, usiku halali, anazunguka chumba mpaka kunakucha, nami nazunguka naye. Mchukue kama unamchukua. Ila usiseme sikumfundisha."

Bibi akamuuliza ni lini mara ya mwisho alilala. Mama akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Bibi akavua viatu, akaketi kando ya ungo, akafungua pindo la khanga alimofunga karanga zake, akaweka chache kwenye kile kiganja kilichokuwa bado kimenyooka.

"Nenda ukalale, mwanangu. Huyu haondoki. Nitakaa mimi."

Mama aliingia ndani, akalala bila kuniaga. Nilikaa kidogo, sina kazi. Bibi akaniuliza kama nyumbani kwangu hakuna anayeningoja. Nikasema wapo, nikachukua mkoba.

Nyumba zilizofuata, mpaka za Msalato, nilianza na mama. Analala saa ngapi, nani anampokea mtoto. Karanga niliziacha kwanza. Sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kukaa: mama amelala chumbani, mimi nipo sebuleni na mtoto asiyenihitaji, kila mmoja na lake. Ukitaka mtu wa kukaa tu, umefika kwa fundi. Mama akiamka, ananishukuru, naondoka.

Kutoka Mkonze nililetewa salamu kwamba bibi amehamia kabisa, mama siku hizi analala vizuri, kwa hiyo nisijisumbue kuja. Nilimwambia aliyeleta salamu kwamba ndicho tulichokuwa tunakitafuta. Jioni nikatembea hadi njia panda ya kwenda kule, nikasimama kama mtu anayengoja mwenzake, nikarudi.