Nzi wa Kwenye Video

Jumatatu nilipanga foleni ya usajili kwenye chuo kimoja cha ufundi hapa Kigali, nyuma ya mama na binti yake wa miaka kumi na saba, mwenye usonji. Binti alijifunza kukunja shuka za hoteli kwa kutazama video kwenye simu. Karani akataka kuona. Binti akakunja shuka juu ya kaunta, kona kwa kona, bila kosa. Katikati akasimama, akapunga mkono kama anayefukuza nzi, akaendelea.

"Nzi yuko wapi?" karani akacheka.

"Kwenye video, boss," mama akajibu. "Mwalimu alifukuza nzi, na yeye anafuata kila kitu."

"Ihangane, pole mama. Huyu anaiga tu, haelewi."

Akachovya muhuri kwenye wino, akauinua mdomoni, akaupulizia pumzi, "haah!", ndipo akagonga kwenye fomu ya binti: IMEKATALIWA.

Nikaingilia. "Pumzi ni ya kulainisha wino uliokauka, na huu ni mbichi. Unapulizia nini?"

Akautazama muhuri kama anauona mara ya kwanza.

"Aliyenifundisha kazi alikuwa anafanya hivyo."

Yeye kwa kuiga kapewa kiti na muhuri. Binti kwa kuiga kanyimwa hata benchi la darasa.