Siku Niliyomwombea Janeti Huruma

Aibu hii sijamwambia hata mchungaji, ila ninyi ni wenzangu. Zamani, nikiwa kijana, marehemu baba alinipeleka Kwamkoro kwenye mashamba ya chai kunitafutia kazi (viatu alivaa yeye, mimi peku), akamwambia msimamizi, "Mzee, kijana wangu huyu ni mvivu, hajui kitu, mpokee hivyo hivyo," na wala sikuwa mvivu, ila ndivyo sisi wa huku Gare tunavyomwombea mtoto, unamshusha ili mkubwa apate pa kumwinua, na nikapokelewa.

Sasa juzijuzi ikaja Lushoto kampuni ya kompyuta kuajiri vijana wa kutengeneza programu za simu, mjukuu wangu Janeti akafanya mtihani, kisha wakaita kikao ukumbini, maana watu walilalamika kwamba wasichana wametengewa nusu ya nafasi, bila shaka wamelegezewa. Janeti alinikataza kwenda. Nikaenda.

Kijana wa kampuni, mwenye suti, akasema, "Tukiajiri kwa huruma, kazi itaharibika."

Mama mmoja, bosi wao, akamjibu, "Huruma ipi? Mtihani ulikuwa mmoja, na aliyeongoza wote ni Janeti wa Gare."

Hapo mwenye akili angekaa kimya. Mimi nikasimama. "Shikamooni wakubwa," nikasema (wote ni wajukuu zangu kwa umri, ukumbi ukacheka), "mimi babu yake. Mtoto huyu hajui kitu, hata simu yangu ilimshinda, mwoneeni huruma tu."

"Mmesikia?" yule wa suti akaruka. "Babu yake mwenyewe!"

"Babu, umemmaliza!" wakapiga kelele vijana wa nyuma.

Yule mama akaniuliza taratibu, "Mzee, ni kweli?" Nami, nikidhani ndiyo nampalilia njia, nikajibu, "Kweli tupu, mama."

Wakanong'onezana, wakaamua Janeti arudie mtihani palepale, peke yake, mbele ya watu.

Janeti akasimama. "Nilishafanya, kama wenzangu. Sirudii." Akachukua mkoba, akanipita kama anavyopita nguzo ya umeme, na nafasi akapewa mwingine.

Tangu siku hiyo mtoto akisifiwa mbele yangu naitikia "ndiyo" na kufunga mdomo, ingawa kwa Janeti nimeshachelewa. Siku ile nilitaka kueleza, lakini walishaanza kuita majina mengine. Nikatoka, nikashika njia ya Gare kwa miguu, na mjini Lushoto sijakanyaga tena.