Muhuri wa Shule Umo Ndani ya Debe Langu la Unga

Admin, usiweke jina langu wala picha, humu wamo watu wa shule yetu.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mmoja, naishi Musaga, ni secrétaire, yaani karani, wa shule moja upande wa Ruziba. Shule ni ya serikali ila iko chini ya kanisa, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Kanisa lilituletea mkurugenzi mpya bila kuuliza mtu, walimu wakagoma. Wanafika asubuhi, wanakaa, chaki hawagusi.

Siku ya tatu kiongozi wa mgomo, nimwite Deo, akaingia ofisini kwangu. "Secrétaire, directeur bila kashe ni mutu tu. Uiweke kwako, we hakuna mutu atakushuku." Na mimi kichwa kikavimba, nikajiona shujaa! Nikautoa muhuri wa shule, ndiyo hiyo kashe, kwenye droo ya mkurugenzi, nikaufunga kwenye kitambaa, nikaufukia ndani ya debe la unga nyumbani.

Mkurugenzi alipokuta droo tupu alichachamaa. Ukiacha yeye na mimi, mwenye ufunguo wa ofisi ni Spesi, mjane anayefagia shule. Alimsimamisha kazi palepale, wanafunzi wakitazama. Nami pembeni nikajifanya napanga madaftari.

Nilimwambia Deo tuurudishe. Akanikazia macho: "Apana! Kanisa iko karibu kukubali kumutoa directeur. Ukirudisha sasa tunafukuzwa wote, na we wa kwanza."

Jana Spesi akaja kwangu. Hajui kuandika, akaomba nimwandikie barua ya kujitetea. Niliandika, debe liko hatua mbili kutoka kiti chake. Nilipomsomea akasema bado. "Ongeza kama secrétaire ni shahidi wangu. Ye anajua mi siko mwizi." Nikaongeza, jamani. Akaweka kidole gumba, akanikumbatia, akaenda zake. Najichukia.

Ijumaa anaitwa mbele ya kamati ya shule, na jina langu limo kwenye barua. Nikisema kweli, mgomo wa watu wote unakufa na kazi yangu inaenda. Nikinyamaza, Spesi anafukuzwa kwa wizi wangu. Leo nimesonga ugali wa debe hilohilo, watoto wamekula, mimi umenishinda.

Nishaurini ndugu zangu, ila msiniambie niombe Mungu tu, nimeshaomba. Ijumaa wakiniuliza, "Shahidi, mwizi ni nani?" huku Spesi ananitazama, nijibu nini?