Shamba la Babu Simoni Lililochelewesha Ndoa Yangu

Nilisafiri kwenda Djugu ili niolewe. Mchumba wangu hakuwa kule, yuko hapa hapa Bunia, mtaa wa Saio. Kilichokuwa kule ni shamba la Babu Simoni, babu wa baba yangu, ambalo hakuna hata mmoja katika ukoo wetu aliyewahi kuliona, na ambalo kila mmoja anajua mipaka yake. Linaanzia barabarani, linashuka mpaka mtoni, linapanda mpaka kilimani. Kila penye msiba likizungumzwa, linaongezeka kidogo.

Baba, Anselme, na mdogo wake, baba mudogo Faustin, walikuwa wamekwisha kuligawana wakiwa sebuleni kwetu. Wakagombania upande wa mto. Baba mudogo akaapa kwamba hataketi kupokea mahari yangu mpaka mto uwe wake, na kwetu mahari haipokelewi kama baba mudogo hayupo. Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Mchumba wangu akaanza kuniulizia habari za huo mto kama mtu anayeulizia mwanaume mwingine.

"Basi nitaenda kuliona mwenyewe," niliwaambia. Njia ni mbaya, walisema, hakuna usalama. Lakini kila mmoja aliogopa nisije nikarudi nikiwa upande wa mwenzake, basi wote wawili wakavaa viatu.

Tulitoka Bunia asubuhi, kwa pikipiki mbili. Mimi na baba tulipanda moja. Baba mudogo alipanda ya pili akiwa amekumbatia bango la bati aliloliandika kwa rangi nyekundu: SHAMBA HILI HALIUZISHWI.

Tulipofika Iga Barrière, askari wa kizuizi alituuliza tunakokwenda.

"Kwenye shamba yetu," baba akajibu kwa sauti ya mkubwa.

"Munalimaka nini?"

"Kahawa," akasema baba. "Ngombe," akasema baba mudogo, wakati ule ule. Askari alicheka mpaka akasahau kutuomba vitambulisho.

Mbele ya Iga hakukuwa na cha kuchekesha. Nyumba zilisimama kuta tupu, bila mapaa, na majani yameota mpaka ndani ya madarasa ya shule. Njiani tulikutana na watu wanaorudi kwao na magodoro kichwani. Baba aliacha kunionyesha kwa kidole udongo mzuri wa ukoo wetu.

Saa sita hivi tulifika kijijini. Jina lake sitalitaja, nisije nikawaletea wenyeji wake ndugu zangu wengine wenye madai. Tulielekezwa kwa Mama Véronique, mama wa makamo aliyekuwa akipalilia mihogo karibu na nyumba yake mpya ya udongo. Baba mudogo alimtolea hotuba: sisi ni nani, tumetoka kwa nani, haki ya wajukuu ni nini. Mama alisikiliza ameegemea jembe.

"Simoni? Ule muzee wa kofia, aliyekujaka na mbuzi moja?"

"Njo yeye!" wakasema wote wawili.

"Babu yangu njo alimupokea. Alimupatia pahali ya kupanda maboga. Kisha akaenda Bunia, akasema atarudi kuvuna."

"Maboga?" baba akauliza.

"Maboga. Kujeni muone."

Alituzungusha nyuma ya jiko. Kati ya jiko na migomba kulikuwa na kipande cha mihogo ambacho mbuzi akifungwa kamba ndefu angekimaliza bila kusogea.

"Njo hii. Mpaka leo tunapaita kwa Simoni. Nikituma mutoto namuambia, enda uchume sombe kwa Simoni."

"Na mto?" baba mudogo aliuliza polepole.

"Iko mbali, kule chini. Muko na kiu?"

Nilicheka, nikajifanya nakohoa. Baba mudogo alijaribu kusimika bango lake, likaziba njia ya kuingia jikoni. Mama Véronique akalichukua kwa mikono miwili.

"Aksanti. Jiko inavuja." Akaliweka juu ya paa, akalikandamiza kwa mawe, maandishi yakitazama mbinguni.

Kisha akawageukia, hacheki tena. "Shamba ni yenu, siwezi kukatala. Rudieni mulime. Lakini siye tulikimbia mara mbili. Nyumba yangu waliichoma. Tulilala kwenye mahema kule Bunia, karibu na kwenu. Mara ingine tukikimbia, mutakimbia pamoja na siye?"

Wazee wangu walitazama pikipiki.

Alitupikia bugali na sombe, majani ya mihogo yaliyochumwa kwa Simoni. Nilikula nikimtazama. Mama ambaye hata chungu hakikumbakia alikuwa ametutunzia jina.

Kurudi, ndugu wawili waliokuwa hawasemeshani walipanda pikipiki moja. Tulipopumzika Iga kunywa chai niliwasikia. "Tuseme watu walivamia," baba alisema. "Tuseme na mto ulihama," baba mudogo akaongeza. Walipatana kabisa, nami nikaumia kuona walichopatania.

Jumapili, mbele ya mashangazi, baba alikohoa, akaanza: "Shamba iko, ni kubwa sana, lakini..." Nilisimama, nikasogeza meza, nikatandika vitenge sakafuni kutoka kwenye kabati mpaka mlangoni.

"Shamba njo hii," nikasema. "Mashangazi, gawaneni."

Shangazi mkubwa alicheka kwanza. Mwishowe hata baba mudogo alicheka, ila yeye alichelewa.

Mahari ilipokelewa, wote wawili wameketi. Nilimwalika Mama Véronique, naye alikuja na beseni la mihogo. Baba alimtambulisha kwa wakwe kuwa ni mama anayetulindia shamba letu.

"Ni kweli, ninawalindia," mama akajibu, sebule nzima ikisikia. "Mvua imeanza. Nani anarudi na miye kesho kulima?"

Nilijifunza siku ile namna ukoo mzima unavyoweza kugeukia sahani ghafla na kuanza kusifu nyama.