Zamu Aliyoikataa Mama Sepetu

Nimepita kando ya mifereji mingi, na kote nimekuta watu wakigombea maji. Aliyeyakataa nimemwona mmoja tu.

Asubuhi ya zamu yake chai aliinywa wima mlangoni, kikombe mkono huu, sepetu mkono ule. Jina la Mama Sepetu alipewa na mgawa maji, yule anayefungua na kufunga malango ya mfereji, kwa kuwa hajawahi kumwona bila chombo hicho.

Shamba lake ni la lusini, majani ya kulisha ng'ombe wake wanne. Hana malisho mengine. Alikuwa ameyakata siku kumi nyuma, na machipukizi yakatoka ya manjano. Kwenye mfereji ule, manjano ina jina moja tu: kiu. Zamu yake ilikuwa saa nne. Anayeiacha husubiri siku kumi na moja, juani.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye shamba lake limepakana na hilo, alikuja kumkumbusha. Alipoona shimo katikati ya lusini akauliza nani anazikwa. Mama Sepetu akamwambia aingize mkono. Juu udongo umepasuka. Chini, kina cha mkono mzima, ni wa baridi, na ukiufumbata unashikana donge. Mzizi aliong'oa ulikuwa na ncha nyeusi, unanuka. Maji ya zamu mbili zilizopita yalikuwa yamelala shambani, mizizi ikakosa hewa.

"Mimi naona kiu tu, shemeji."

"Mtu aliyevimbiwa naye hataki kula. Utamwongezea sahani?"

"Na ukikosea?"

"Nikikosea, hawa wanne watahamia kwako."

Mgawa maji alipofika alimuuliza Mama Sepetu mara mbili kama kweli anaiacha zamu, kisha akayageuza maji yaende kwa shemeji, ambaye aliyapokea kwa furaha. Mama Sepetu alimwonya asiyalaze. Akasema sawa, sawa, akaenda zake kunyoa ndevu.

Zikaanza siku za kutotulia. Mama Sepetu aliosha masufuria yaliyokuwa safi. Alikwenda shimoni asubuhi, adhuhuri, jioni, akafumbata udongo: donge. Siku ya sita majani yaliinama kwa jua, na wapita njia wakamuuliza kama amegombana na maji. Alihamisha sepetu bega hadi bega. Ng'ombe walilia, akawapa robo ya marobota ya mwisho ya lusini kavu.

Siku ya tisa udongo ulimegekea vidoleni. Akapiga magoti. Chini ya mashina, machipukizi mapya yalikuwa ya kijani.

Siku ya kumi na moja aliingiza maji, akalifunga lango mwenyewe kabla hayajafika ukingo wa mwisho. Alikuwa bado ameinama pale shemeji aliposimama nyuma yake, kofia mkononi.

"Shemeji," alisema, "shamba langu limegeuka manjano. Lina kiu."

Mama Sepetu akamkabidhi sepetu, achimbe kwanza. Kisha akarudi nyumbani mikono mitupu, akakaa kitako, akaagiza chai.