Kisanduku cha Mwezi Kwenye Mchoro wa Mwaija

Mtu kukaa Dar miaka yote, halafu akaja Buhongwa kutufundisha ziwa letu, hicho nacho ni kipaji. Kampuni yetu ina boti mbili za kukusanya dagaa wakavu visiwani, na programu ya kompyuta ndiyo hupanga boti ipi iende wapi, siku gani. Aliyeiandika ni marehemu Pius. Aliiandika peke yake kwa miaka tisa, hakuacha mchoro hata mmoja. Aliondoka nao kichwani. Mkurugenzi alipotaka programu mpya, akaagiza wataalamu watatu toka Dar. Wakawahoji mameneja, wakachora visanduku vya rangi, wakanywa soda, wakaona wamemaliza.

Programu yenyewe hawakuifungua!

Aliyeifungua ni dada Mwaija, miaka arobaini na miwili, aliyeajiriwa kuchapa barua, kisha Pius akamfundisha kuandika programu. Kila mchana sisi tukienda kula, yeye alibaki akiisoma ile mistari elfu kumi na moja, mmoja mmoja, na kuchora nyuma ya kalenda za zamani: kisanduku cha boti, kisanduku cha kisiwa, mshale toka hiki kwenda kile. Chuoni, kabla sijaiacha diploma muhula wa nne, tulifundishwa kuanza na mchoro ndipo uandike programu. Kurudi kinyumenyume, toka programu hadi mchoro, ni kama kuonja mchuzi ukataja kila kilichotiwa, mpaka pale mpishi alipokosea. Mwaija aliweza.

Wiki ya tatu akakwama. Kulikuwa na hesabu ya siku ishirini na tisa na nusu, na kila ikizunguka, safari zinasimama siku kadhaa. Akaziandika tarehe hizo, akazitazama, akacheka peke yake. Alikulia Igombe akianika dagaa na mama yake, na siku kama zile hakukuwa na cha kuanika. Dagaa huvuliwa kwa taa, gizani. Mbalamwezi ikiwaka hawaifuati taa, wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Pius alikuwa ameuweka mwezi ndani ya programu.

Kikao kikaitishwa. Nathaniel, mkubwa wa wataalamu, akaelekeza kalamu ukutani, zilipobandikwa kalenda za Mwaija.

"Hii ya siku ishirini na tisa na nusu ni hitilafu. Tumeiondoa. Boti zitatoka kila Jumanne, bila kukosa."

"Kaka, usiiondoe," Mwaija akasema. "Gizani dagaa watajaa visiwani, safari moja kwa wiki haitatosha. Mvua ikiwakuta, wameoza. Akina mama watakula nini?"

"Mama, kwani wewe si ndiye wa kuchapa barua?"

Watu wakacheka. Wakacheka! Hata mkurugenzi, ambaye tai yake imetoka kwenye dagaa haohao.

Mwaija akatoa simu, akampigia nahodha Ngosha wa boti yetu moja, akaweka spika.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, mwanangu."

"Jumanne ijayo ukitumwa visiwani, utarudi na nini?"

"Jumanne? Na mbalamwezi yote ile?" Spika ikakwaruza kwa kicheko. "Nitawaletea mawe! Huyo anayepanga safari kazaliwa jangwani?"

Safari hii hakucheka mtu.

Wiki mbili baadaye nikaletewa ripoti ya wataalamu niichape, maana printa iko mezani kwangu. Mchoro ulikuwa wa Mwaija, mshale kwa mshale, pamoja na kosa dogo alilolifanya kwenye kisanduku cha nyavu. Chini yake: "Umechorwa na Nathaniel na wenzake." Hata kuiba wameshindwa kuiba vizuri! Nikamwita Mwaija aje aone.

Hakuangalia majina. Alitafuta kwanza kisanduku cha mwezi. Kilikuwepo. Akashusha pumzi. Kisha akachukua kalamu, akaukata mstari wa chini, akaandika: "Mawazo ni ya Pius. Aliyeyafukua ni Mwaija."

"Chapa hivyo."

"Mkurugenzi akiuliza?"

"Mwambie umetumwa na mama wa kuchapa barua."

Nikachapa nakala kumi na mbili. Ile ya Nathaniel nikaikuzia herufi.