Mti Uliovuliwa Majani

Tufaha la Mama Shiku tulilibatiza Kiziwi, kwa sababu halisikii moto. Haya mengine ya sokoni ukiyapika yanavurugika kama uji. Kiziwi utalichemsha saa nzima na vipande bado vimesimama. Alilitia kwenye achari ya pilipili, akalipikia jamu ya kujaza mandazi, na siku ya samaki alilikatakata kwenye mchuzi mahali pa ndimu. Mimi nauza matunda Majengo. Achari yake niliiuza kibandani kwangu, na haikuwahi kulala.

Mti ulikuwa mmoja tu, nyuma ya nyumba yake Makadara. Baba mkwe wake, aliyekuwa mpishi wa mzungu kule Limuru, aliuleta ukiwa kijiti. Mbegu haisaidii, ukiipanda unapata tufaha jingine kabisa. Lazima ukate kijiti, ukipandikize kwenye shina lingine. Miaka kumi na mmoja nimemwomba kijiti.

"Nikupe, halafu ujitengenezee achari yangu? Zii, sikupi, Everline."

Nairobi haina baridi ya kuulaza mti huo. Kwa hiyo kila baada ya mavuno Mama Shiku huuvua majani kwa mkono, mpaka unabaki mifupa. Mti hudanganyika kwamba msimu umepita, na baada ya mwezi hivi unachipua. Mwaka huu mimi ndiye niliyemharakisha. Nilitaka achari ya Krismasi. Akauvua mapema.

Siku tatu baadaye, watu wa kampuni ya ujenzi wakaja na kopo la rangi nyekundu. Nyumba zilikuwa zimepigwa alama za kubomolewa tangu Pasaka. Sasa walikuwa wanahesabu miti. Mti ulio hai ungeachwa, ghorofa zijengwe kando yake; uliokufa ungechorwa X, ukatwe. Kijana mwenye orodha akautazama.

"Shosh, huu si ulidedi kitambo?"

"Umelala. Nimeuvua mwenyewe."

"Umeuvua nguo? Na hii baridi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mama Shiku akakwaruza gome kwa ukucha: kijani kibichi. Kijana hakuinama kutazama. Akachora X kwenye shina.

Tulikwenda ofisini kwao mara mbili. Orodha imeshapitishwa, walisema. Wiki ya tatu machipukizi yakavimba, madogo kama vichwa vya kiberiti. Wiki hiyo hiyo tingatinga likaegeshwa langoni. Kila asubuhi Mama Shiku alitoka akayatazama machipukizi, kisha akalitazama tingatinga, akarudi ndani.

Ijumaa akaniita. Dereva wa tingatinga alikuwa ameshawasha injini. Mama Shiku alikuwa ameshika vijiti kumi na viwili vya Kiziwi, amevifunga kwa gunia bichi.

"Nusu ya matunda," akasema. "Mpaka nife."

Nikampa mkono haraka. Mti uliopandikizwa huzaa mwaka wa nne, ukibahatika. Yeye ana miaka sabini na minane, na kikohozi ambacho hakijamwacha tangu Februari. Bei ilikuwa nzuri kwangu, naye alijua.

"Na usiuvue majani," akasema, "kabla hujaangalia nani yuko langoni."